Kwa Ochieng, Ndani ya Kuta za Thimlich

Wajaluo wana namna yao ya kumweka mtu ndani ya jina la mahali. Silabi moja tu, ka, ikitangulia jina, umeshaambiwa hapo ni kwa nani. Ukizunguka kaunti za Homa Bay na Migori unapita Karachuonyo, Kanyamwa, Kanyamkago, na ni kana kwamba unaamkia wazee njia nzima. Maboma manne ya mawe yaliyo kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori yamepata majina kwa njia hiyo hiyo: Kochieng, Koketch, Koluoch na Kakuku. Kwa Ochieng, kwa Oketch, kwa Oluoch, kwa Kuku.

Ulimwengu unayajua kwa jina moja la jumla, Thimlich Ohinga. Thim ni msitu, lich ni cha kutisha, na ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, yakawa mahali pa saba nchini Kenya kupata hadhi hiyo. Tangu hapo swali limekuwa jinsi ya kuwavuta wageni: kibao gani kiwekwe njiani, picha ipi itangazwe, mahali hapa paitwe nini ili mtu wa Nairobi au wa Berlin apange safari.

Kabla ya kujibu, inafaa kuutazama ukuta wenyewe kwa karibu.

Hauna saruji wala udongo wa kuunganishia, na mawe yake hayakuchongwa. Yaliokotwa yalivyo, makubwa kwa madogo, yakapangwa kwa tabaka tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo yanayoshikana na pande zote mbili. Unene ni kama mita moja kwa wastani, na urefu wa kwenda juu ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Ukuta haukunyooka kama wa jengo la mstari. Unapinda na kujikunja, na mikunjo hiyo huupa nguvu, maana kila kipande huegemea kingine. Penye hatari ya kuinama, wajenzi waliongeza mawe ya kuegemeza. Juu ya lango wakalaza mawe marefu bapa yabebe uzito wote wa juu. Kazi hii inadhaniwa kuanza katika karne ya 16, na zipo nyingine za aina yake: watafiti wamehesabu maboma ya namna hii katika sehemu 138 za eneo hili la Ziwa Victoria, ingawa hakuna lililosalia zima kama haya.

Waliojenga kwanza hawakuwa Wajaluo. Wanaakiolojia wanawataja watu wa jamii za Kibantu, waliokaa humo, wakafuga, kisha wakahama. Wajaluo walipofika waliyakuta maboma, wakainua mawe yaliyoanguka, wakajenga nyumba zao ndani, wakayapa majina yao. Kwa hiyo kukarabati na kupaita mahali upya, jambo ambalo leo lina wataalamu wa masoko na vikao vya kamati, huko Thimlich kulishafanyika zamani. Kochieng ni jina jipya lililokaa juu ya jina lililopotea, na hatuna namna ya kulirudisha lile la kwanza. Linanisikitisha kila nilifikiriapo.

Watu wa mwisho waliondoka katika karne ya 20, na miti ikaingia. Mizizi ilisukuma mawe, mifugo ikapanda juu ya kuta, sehemu zikaporomoka. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliitaja Thimlich katika orodha yake ya mahali palipo hatarini. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ndiyo yenye dhamana, yamefanya kazi ya kurudisha kuta mahali pake. Ni kazi ya subira, kwa sababu jiwe likikaa vibaya, tabaka la kati halishiki, na mvua nzito ikija unarudi ulipoanza.

Sasa, katika kuitangaza, wengi hukimbilia kusema kwamba hii ni Great Zimbabwe ya Kenya. Naelewa kwa nini. Msikilizaji hupata picha upesi. Lakini kule mawe ya matale yalichongwa yakapangwa kwa safu zilizo sawa, ufundi tofauti kabisa. Tena Great Zimbabwe yenyewe ilisumbuka miaka mingi mikononi mwa walowezi waliokana kwamba ilijengwa na Waafrika, hadi nchi nzima ilipochukua jina lake mwaka 1980. Mahali palipopigania jina lake hivyo si pa kuazimwa na wengine kama kibandiko.

Nairobi nayo ina funzo. Jumba lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon liliitwa Makavazi ya Kitaifa baada ya uhuru, likafungwa mwaka 2005 kwa ukarabati, na mwaka 2008 likafunguliwa rasmi likiwa na sura mpya. Coryndon halikuwa jina la wenyeji, na kuondoka kwake hakukumpotezea mwananchi kitu. Thimlich ni kinyume chake.

Homa Bay wanaonyesha njia nyingine. Katika kisiwa cha Mfangano, makavazi ya jamii yamebeba jina la Abasuba, watu ambao lugha yao imekuwa ikimezwa na Kijaluo, na ndiyo yanayotunza michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone, miduara myekundu na myeupe. Kisiwani Rusinga, kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Hakuna anayehitaji kuambiwa limefanana na nini huko Ulaya. Mgeni anaingia akijua yuko kwa nani.

Ningependa kibao cha Thimlich kianze na yale majina manne, kwa herufi kubwa kuliko nembo yoyote, na chini yake maneno machache kuhusu wale wa kwanza ambao majina yao hatunayo. Hadhi ya UNESCO ifuate. Wazee wa vijiji vya jirani wanaojua nani alizaliwa boma lipi waandikwe na kurekodiwa sasa, kwa Kijaluo chao, wakati wangali hai.

Lango la kuingilia kwa Ochieng ni dogo. Mtu mzima huinama ili apite chini ya yale mawe bapa, mkono mmoja ukigusa ukuta, ndipo anyooke akiwa ndani ya ua wa mtu.