Kazi ya Mume, Mgongo wa Mke

Uingereza ilipohesabu watu wake mwaka 1911, Dkt. T.H.C. Stevenson, aliyesimamia takwimu za serikali, aliwapanga kwa kazi: wenye taaluma juu, vibarua chini. Swali lake: watoto wa nani wanakufa zaidi? Jibu likatoka wazi, wa vibarua. Kumbe si bahati mbaya tu.

Sawa, lakini mke je? Yeye alitiwa tabaka la mumewe. Hata akifulia watu nguo kutwa nzima, mume akiwa karani, kwenye jedwali yeye ni mke wa karani, basi. Mgongo wake nani aliuhesabu? Kwa hivyo fomu ya afya ikikuuliza kazi, uliza kwanza: ya nani?