Ikweta ya Kenya katika Historia ya Milinganyo ya Mvutano

Jiwe likiangushwa kutoka kwenye ukingo mrefu wa mto huko Githongo, Imenti ya Kati, kasi yake huongezeka kwa karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde inayopita. Kanuni hiyo haisemi jiwe liko wapi. Inasema tu mwendo wake unabadilika vipi. Kutatua mlinganyo tofautishi ni kuanza na badiliko hilo hadi kuipata njia nzima: sekunde moja, mita 4.9, sekunde mbili, mita 19.6. Isaac Newton alipochapisha kanuni zake mwaka 1687, kazi hiyohiyo ilihamia angani, na kwa magimba mawili yanayovutana jibu lilipatikana kikamilifu. Tangu hapo historia hii husimuliwa kana kwamba yote ilifanyika mezani, Ulaya. Nadhani simulizi hiyo ina pengo, na sehemu ya pengo hilo inazibwa na Kenya, kwenye ukanda wa Ikweta unaopita pia Meru, karibu kabisa na Githongo.

Ushahidi wenyewe unaanza na majibu mawili ambayo kwa miaka mingi yalibaki kwenye karatasi. Mwaka 1916 Karl Schwarzschild alitatua milinganyo ya Einstein kwa nje ya gimba la mviringo, na katika jibu lake mlikuwa na mpaka ambao, kama ilivyokuja kueleweka baadaye, hata mwanga ukiuvuka haurudi. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na George Volkoff walishughulikia mlinganyo mwingine, unaoeleza jinsi shinikizo ndani ya nyota ya nyutroni linavyopungua kutoka kitovuni kwenda nje huku likiubeba uzito wa tabaka za juu. Waliukokotoa hatua kwa hatua, wakakuta kwamba uzito ukipita kikomo fulani hakuna jibu la nyota iliyotulia. Leo kikomo hicho hukadiriwa kuwa si zaidi ya Jua tatu hivi. Hesabu ilikuwa imefungua mlango wa mashimo meusi, lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha hata moja.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Setilaiti iliyobebwa ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, chini ya kikundi cha Riccardo Giacconi. Vipimo vyake vilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinapepesa ndani ya sehemu ya sekunde, kwa hiyo ni kidogo mno. Kisha wanaastronomia waliotumia darubini za ardhini wakagundua nyota inayokizunguka kila baada ya siku 5.6. Hapo mlinganyo wa zamani wa Newton ukarudi kazini: muda wa mzunguko na kasi ya nyota vikatoa uzito wa mwenzake asiyeonekana, nao ulipita kikomo cha nyota za nyutroni, dalili ya shimo jeusi. Makadirio ya mwaka 2021 yanautaja kuwa Jua 21 hivi.

Mtu anaweza kusema mahali hapakuwa na maana, kwa kuwa ardhi ya Ikweta hukimbia mita 465 kwa sekunde na ile ya Cape Canaveral, Florida, karibu 408, tofauti ambayo roketi kubwa kidogo ingeifidia. Hoja hiyo inasahau mwelekeo. Setilaiti iliyorushwa kutoka Florida huanza na mzingo ulioinama walau nyuzi 28 hivi, na kuulaza hadi nyuzi 3 kungehitaji badiliko la kasi la zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, mzigo usiobebeka kwa roketi ndogo kama Scout. Tena mzingo wa Ikweta uliikwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mnururisho hushuka chini na kuvuruga vipimo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani, na Tuzo ya Nobel ya 2002 ikamwendea Giacconi. Ni kweli, na haifai kuwabandikia Wakenya hesabu ambazo hawakuzifanya. Lakini urithi wa sayansi unajumuisha pia mahali palipowezesha kipimo, na kwa sababu hiyo Ngomeni inastahili ukurasa katika vitabu vya fizikia vya shule za Kenya. San Marco haijarusha setilaiti tangu Machi 1988. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa mwaka 2018 kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na setilaiti ya Taifa-1 ikarushwa kutoka California mwaka 2023. Wakenya wamepata setilaiti zao wenyewe, ila roketi zinaondokea kwingine, ilhali faida ya Ikweta ingali palepale.