Uungaji wa mfupa wa muundi kwa bamba

Uungaji wa mfupa wa muundi kwa bamba ni upasuaji ambao vipande vya mfupa wa muundi uliovunjika karibu na kifundo cha mguu hurudishwa mahali pake na kushikwa kwa bamba la chuma na skrubu. Bamba hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu au kwa titani. Kazi yake ni kushikilia tu. Mfupa hujiunga wenyewe.

Historia

Daktari Mjerumani Carl Hansmann alieleza matumizi ya bamba mwaka 1886. Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi waliunda kikundi cha AO, kilichoeneza kanuni za upasuaji huu duniani.

Nchini Tanzania hospitali zinazojulikana kwa matibabu ya mifupa ni pamoja na KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam. Majeruhi wa kata kama Sokon I, jijini Arusha, huweza kupokelewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, kisha kupewa rufaa ya kwenda KCMC ikihitajika.

Upasuaji

Mifupa hii huvunjika mara nyingi katika ajali za pikipiki au kwa kuanguka kutoka juu. Sehemu ya chini ya muundi ina ngozi nyembamba, nyama kidogo na mishipa michache ya damu, hivyo kidonda huweza kuchelewa kupona. Mguu ukivimba sana, daktari husubiri siku kadhaa, pengine wiki mbili, hadi uvimbe upungue. Mfupa uliotokeza nje ya ngozi huhitaji kusafishwa na dawa za antibiotiki mapema.

Kupona

Kwa kawaida mgonjwa hutembea kwa magongo bila kukanyagia mguu huo kwa wiki 6 hadi 12. Mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, wakati mwingine zaidi. Maumivu huisha kabla mfupa haujashika, kwa hiyo ruhusa ya kukanyaga hutolewa na daktari baada ya kuona picha ya eksirei. Anayewahi kurudi shambani au kwenye pikipiki huhatarisha bamba kupinda au kukatika, na kulazimika kupasuliwa tena. Uvutaji wa sigara pia huchelewesha kuunga.

Homa, usaha, uwekundu unaoenea au vidole kufa ganzi ni dalili za kurudi hospitali mara moja. Bamba lisiposumbua, huweza kuachwa mwilini.