SOMO LA HISTORIA: GARI LILILOKWENDA KWA HEWA

Leo twatazama magari yaliyokwenda bila moto ndani yake.

Shika pampu ya baiskeli. Ukisukuma kwa nguvu, pampu yapata joto. Kisha fungua valvu ya gurudumu: hewa yatoka kwa kasi, nayo ni baridi. Nguvu ya mkono wako ilikuwa imewekwa akiba ndani ya mpira, na sehemu yake imekwisha potea kwa joto lile.

Mji wa Nantes, Ufaransa, ulitumia tramu za hewa iliyoshindiliwa tangu 1879 hadi 1917. Hazikutoa moshi. Lakini mitungi yake ilikuwa ya chuma kizito, na tramu haikuenda mbali kabla ya kujazwa tena.

Je, hewa ikigeuzwa kimiminiko? Mwaka 1883, mjini Kraków, Wróblewski na Olszewski waliigeuza naitrojeni, ambayo ni sehemu 78 katika kila 100 za hewa tuivutayo. Huchemka kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Lita moja ikichemka na kupata joto la kawaida hutoa gesi karibu lita 700, nayo gesi hiyo husukuma pistoni. Joto la hewa ya nje ndilo kuni zake!

Wafugaji wengine wameiona. Wataalamu wa uhimilishaji hubeba mbegu za madume bora kutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, katika mtungi wa naitrojeni hiyo. Mtungi huo ni ndugu wa chupa ya chai. James Dewar aliubuni 1892. Msiufungie katika chumba kisicho na madirisha, maana gesi yake hufukuza hewa ya kuvuta, na mtu aweza kufa bila kusikia harufu yo yote.

Mwaka 1899 kampuni iitwayo Liquid Air ilitangaza motokaa ya hewa ya kimiminiko. Kufika 1902 ilikuwa imekwisha. Naitrojeni haina nguvu ya kuzaliwa nayo kama petroli. Kiwanda hutumia umeme mwingi kuipoza, kuliko nguvu ambayo gari hurudisha. Basi mtu akija mnadani kuwauzieni injini iendayo kwa hewa bila gharama, mwulizeni ni nani aliyepiga pampu.

Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kiligeuza gari dogo la posta litumie naitrojeni. Lilikwenda polepole, kilomita chache tu. Tena lilipoegeshwa, naitrojeni iliendelea kuchemka yenyewe na kupotea hewani.