Fahamu baridi yabisi: Tatizo siyo baridi ya Iringa, ni kinga ya mwili

Vidole vinakakamaa kila asubuhi, viwiko vya mikono vimevimba pande zote mbili, uchovu hauishi. Ukiuliza pale Ipogolo, jibu la haraka ni moja: "Ni hii baridi yetu." Hata jina la ugonjwa linachangia kupotosha. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kavu, kwa hiyo mtu akisikia "baridi yabisi" anaona sababu imeshatajwa.

Ukweli ni kwamba baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini haileti ugonjwa huu. Wapo wanaougua Dar es Salaam na joto lake lote.

Nini kinatokea ndani ya kiungo?

Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na vijidudu. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, kinga hiyo inageuka na kushambulia utando laini uliopo ndani ya kiungo. Utando unavimba, unanenepa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa. Seli za kinga humwaga kemikali zinazochochea uvimbe, mojawapo inaitwa TNF.

Cha kushangaza, kingamwili zinazohusika zinaweza kuwepo kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza hakijauma. Yaani ugonjwa huanza kimya kimya.

Je, ni ugonjwa wa ukoo?

Kwa sehemu, ndiyo. Jeni inayohusika zaidi ni HLA-DRB1, iliyopo kwenye kromosomu ya 6. Kazi yake ni kuzionyesha seli za kinga vipande vya protini ili zitambue kipi ni adui. Mwaka 1987 Peter Gregersen na wenzake walieleza kwamba aina kadhaa za jeni hii zinazohusishwa na ugonjwa zina kipande kinachofanana. Leo maeneo zaidi ya 100 ya vinasaba yanajulikana kuchangia, kila moja kidogo kidogo.

Lakini usiogope bure. Pacha wanaofanana wana jeni zilezile, ila mmoja akiugua, yule mwingine huugua kwa takribani asilimia 15 tu. Mtoto au ndugu wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko watu wengine, ila wengi wao hawataugua kamwe. Unachorithi ni uwezekano, siyo ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo familia isinyooshewe kidole, wala binti asikataliwe kuolewa kwa sababu mama yake amepinda vidole.

Kwa Waafrika ikoje?

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Aina zile za HLA-DRB1 hupatikana kwa uchache zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Badiliko la jeni nyingine, PTPN22, ambalo ni muhimu Ulaya, kwetu karibu halipo. Ndiyo maana kukosa jeni hizo hakumaanishi uko salama.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walikuta ugonjwa huu kwa karibu asilimia 0.9 ya watu wazima wa mjini Soweto, wakati kijijini ulikuwa nadra sana. Sigara ni kichochezi kinachojulikana vizuri, hasa kwa mwenye jeni za hatari. Ugonjwa wa fizi pia unahusishwa. Wanawake huugua mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume.

Kuwa makini na kipimo

Kipimo cha damu kinachofahamika zaidi ni RF. Shida yake ni kwamba malaria, kifua kikuu na homa ya ini pia vinaweza kukifanya kisome chanya. Kipimo cha anti-CCP kinaaminika zaidi. Hata hivyo, majibu hasi hayaondoi ugonjwa. Daktari lazima akushike viungo na akusikilize.

Kuna pia magonjwa yanayofanana nao. Chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilitambuliwa kusini mwa nchi yetu miaka ya 1952 na 1953, inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi. Jongo nayo huvimbisha, mara nyingi ikianzia kidole gumba cha mguu.

Ufanye nini?

Nenda kituo cha afya ukiona dalili hizi kwa wiki 6 au zaidi:

- Kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa
- Uvimbe kwenye vifundo vidogo vya vidole au viwiko vya mikono
- Maumivu ya pande zote mbili za mwili

Omba rufaa mapema, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au ya Kanda Mbeya. Miezi michache ya mwanzo ndiyo yenye thamani, kwa sababu mfupa ukishaliwa haurudi.

Diklofenaki ya duka la dawa hupunguza maumivu tu, haizuii kiungo kuharibika, na ikitumika muda mrefu huumiza tumbo na figo. Steroidi za kujinunulia hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Na kama umezitumia kwa muda, usiziache ghafla bila daktari.

Dawa ya msingi ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Kukosea hapo kunaweza kuua. Haifai kwa mjamzito, pombe iachwe, na damu ipimwe mara kwa mara. Dawa mpya zinazozuia TNF zipo, lakini ni ghali, na lazima upimwe kifua kikuu kwanza.

Sweta na maji ya moto vitakupa nafuu, endelea navyo. Ila havitaituliza kinga iliyokosea njia. Hiyo inahitaji dawa, na inazihitaji mapema.