Nguruwe, Mbwa na Sheria: Nani Mlinzi wa Shamba Amani?

Historia ya Usambara Mashariki huwataja magavana na wataalamu. Mkulima aliyeingia kichakani peke yake, na mkuki na mbwa wake, haimtaji. Huyo hakufuata kitoweo tu. Nguruwe mwitu hutoka usiku, na kundi moja laweza kufukua shamba la mihogo kabla ya alfajiri. Ndiyo maana hata Mwislamu, ambaye nyama hiyo kwake ni haramu, alikuwa na sababu ya kumsaka.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri iliyouweka uwindaji chini ya leseni. Miaka sita baadaye Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alieleza kwamba maafa ya miaka ya 1890, pamoja na sera za kikoloni, yaliwapokonya wenyeji udhibiti wa mazingira yao, na mwitu ukasonga mbele.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ni hazina ya taifa. Lakini dola inayodai kibali cha kuwinda imejitwika pia wajibu wa kulinda shamba. Isipoutimiza, mkulima hulipa kodi isiyoandikwa popote, na huilipa kwa chakula cha watoto wake.