Chembe za dhahabu na homa za Moshi

Kwa miaka mingi Moshi ukishikwa na homa, una malaria. Basi. Mama anasema hivyo, muuza duka la dawa anasema hivyo, na mara nyingi hata daktari anaandika hivyo hivyo.

Halafu zikaja takwimu. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Ambao homa yao ilitokana na malaria kweli? 14! Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na kila nikiyasoma nawawaza wale zaidi ya 500. Walikuwa wanaumwa nini?

Hadubini inataka fundi mzoefu. Kilichopeleka upimaji hadi zahanati za vijijini ni kile kipande cha plastiki, MRDT. Karatasi yake inanyonya damu taratibu, kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Na ule mstari mwekundu si damu wala wino. Ni dhahabu! Chembe zenye upana wa nanomita kama 40, na kwa udogo huo dhahabu ndani ya maji haionekani ya njano, inaonekana nyekundu. Michael Faraday alilieleza hilo London mwaka 1857. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake, Marekani, wakachunguza namna ya kuzipika kwa chumvi ya dhahabu na sitreti.

Shida iko kwenye sufuria. Chombo kikiwa kikubwa mchanganyiko haulingani, zinatoka kubwa na ndogo. Zikigandana, wekundu unageuka zambarau. Ndiyo maana miaka ya 2000 wanasayansi walianza kuzipika ndani ya vibao vyenye mifereji myembamba kama unywele. Mtu wa Kibosho hatashangaa: ni mifongo ile ile, imepunguzwa tu. Vijito viwili vinakutana, kila tone linachanganyika kwa kipimo kile kile, chembe zinatoka saizi moja.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Sawa. Ila mstari usipotokea, bado homa ipo. Kati ya wale wagonjwa wa Moshi walikutwa wenye bruselosisi, homa ya mgunda na homa ya Q, magonjwa yatokayo kwa ng'ombe, mbuzi na panya. Huko mlimani ng'ombe analishwa majani bandani, hatua chache kutoka jikoni, na miaka yote hiyo tulimshuku mbu peke yake.